WALIICHUKUA PUGU KWA JINA LETU, WATOTO WAO WAKAWAPELEKA KWINGINE

NDUGU msomaji, wewe ambaye gazeti hili unalisoma umesimama pale kwa muuza magazeti wa Mbagala Rangi Tatu kwa kuwa mfukoni una nauli tu, leo nina maneno na wewe. Mambo ya mpira na udaku yapo kurasa za nyuma, utayakuta. Mimi nataka tuzungumze habari za shule.

Najua umeshakunja uso. Kwa wengi wetu wa Temeke, Tandale, Manzese na Gongo la Mboto, neno shule linakumbusha viboko, daladala zilizotukataa kituoni na karatasi ya matokeo ambayo mpaka leo hatujaionyesha kwa wakwe. Lakini vumilia kidogo. Nataka nikuonyeshe kwamba ile karatasi hukuiandika peke yako. Kuna mkono mwingine uliokusaidia kuiandika, na mkono huo unakuja kukuomba kura kila baada ya miaka mitano.

Siku ya Jumanne, Januari 31, 2017, Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2016. Mimi nilikuwemo katika mtihani ule. Nilikuwa kijiweni nyuma ya kituo cha daladala, simu ya kuazima mkononi, bando la kuazima ndani ya simu. Nikatafuta namba yangu. Divisheni foo, pointi 30. Jamaa yangu tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja (tulikuwa wanne katika dawati hilo) yeye aliambulia ziro, akacheka, akasema afadhali sasa akamsaidie mjomba wake kuuza mitumba Karume. Mpaka leo yuko Karume.

Shule yetu siitaji. Ilikuwa shule ya kata pembezoni mwa jiji, kama zilivyo nyingi, na walimu waliokuwa pale waliteseka kama sisi. Fizikia tulifundishwa na mwalimu wa Historia mpaka akachoka. Mwaka 2014 wazazi wetu walichangishwa fedha za maabara kama nchi nzima ilivyochangishwa. Mama yangu anauza vitumbua, alitoa. Maabara ikajengwa, ikapakwa rangi, ikafungwa kufuli. Nilipochungulia dirishani nikiwa kidato cha nne, niliona viti vibovu vimerundikwa humo hadi kwenye dari.

Sasa turudi kwenye siku ile ya matokeo. Baraza lilisoma orodha mbili, ya shule kumi za kwanza na ya shule kumi za mwisho. Shule ya kwanza Tanzania nzima ilikuwa Feza Boys, shule binafsi ya bweni ya wavulana, iliyo hapa hapa Dar es Salaam upande wa Kinondoni. Kwenye kumi hizo bora Dar ilikuwa nazo tatu: Feza Boys, Shamsiye Boys na Thomas More Machrina. Zote kumi zilikuwa za binafsi, hata moja ya serikali haikuwemo.

Ukishuka mkiani, katika shule kumi za mwisho, sita zilikuwa za Dar es Salaam hii hii: Kitonga, Nyeburu, Mbondole, Mbopo, Somangila na Kidete. Hebu zipange shule hizo kwenye ramani, ndugu yangu. Nyeburu iko upande wa Chanika, njia ile ile ya kupitia Pugu. Mbopo iko kule Mabwepande. Somangila ng'ambo ya Kigamboni. Zote ziko pembezoni, huko daladala zinakogeuzia, huko ambako ukiumwa usiku unabebwa kwa bodaboda. Masaki ya jijini huikuti kwenye orodha ile. Ipo Masaki moja, lakini hiyo ni shule ya mkoa wa Pwani, wenye bahari yao walishtuka bure.

Mji mmoja, Baraza moja, mtihani mmoja, saa moja ya kuanza. Mmoja anatoka wa kwanza nchi nzima na mwingine wa mwisho, na kati yao hakuna mto wala mpaka wa nchi, kuna nauli za daladala mbili. Halafu mtu anakuja na suti yake anasema vijana wa Dar wanapenda mno bongofleva ndiyo maana wanafeli! Hata wale wa Feza wanasikiliza bongofleva. Waulize.

Lakini sikuja kuwatukana Feza, wala wazazi wanaolipa mamilioni ya shilingi kwa mwaka ili mtoto apate mwalimu wa Fizikia. Taasisi ile ilianza kazi hapa nchini mwaka 1995, ikajenga, ikaleta walimu, ikafundisha. Hata Rais wa Uturuki, Erdogan, alipokuja Dar es Salaam Januari 2017, alikuja na ugomvi wake na kundi analolihusisha na shule za namna ile. Siku nane baada ya yeye kuondoka, shule ikatangazwa ya kwanza. Ugomvi wa Waturuki tuwaachie Waturuki. Wangu mimi uko hapa nyumbani, na ili uuelewe inabidi tupande kilima cha Pugu.

Ukitoka Kariakoo ukapita Ukonga, ukaipita Gongo la Mboto, ambako usiku wa Februari 16, 2011 mabomu ya jeshi yalilipuka na watu wakakimbia na watoto mgongoni hadi kulala uwanja wa Uhuru, unaanza kupanda. Hapo ndipo Pugu. Leo vijana wanaijua kwa mnada wa ng'ombe na dampo la taka za jiji. Kumbe kilima kile ndicho kilicholea nchi hii.

Wamisionari wa Kibenediktini kutoka Ujerumani walifika pale mwaka 1888. Hawakukaa mwaka. Januari 1889 wapiganaji wa Abushiri waliivamia misheni, wakaua baadhi yao na kuwateka wengine, kwa sababu Wajerumani walikuwa wameanza kuipora pwani na wananchi hawakuwa na muda wa kutenganisha mwenye msalaba na mwenye bunduki. Misheni ikaja kurudi. Baadaye ikazaliwa pale shule ya wavulana ya Mtakatifu Fransisko, wenyewe wakiiita St. Francis' College. Ilikuwa shule ya Kanisa, maana yake shule ya binafsi. Upande wa pili wa vilima hivyo, Kisarawe, Waanglikana nao walikuwa na yao, Minaki, iliyohamishiwa pale mwaka 1925 kutoka Kiungani, Zanzibar, ambako kazi ya kwanza ilikuwa kuwafundisha watoto waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo usidhani shule binafsi za wavulana ni jambo lililoanza jana na mabasi ya njano. Mababu zetu waliosoma, wengi walisoma humo, kwa kuwa mkoloni alijenga za kwake chache tena kwa kinyongo.

Mvulana aliyefika Pugu enzi hizo alifika na sanduku la bati. Alitoka Songea, alitoka Moshi, alitoka Mahenge. Alikuta kengele: ya kuamka, ya kusali, ya darasa, ya chakula, ya kulala. Alikuta ugali na maharage, na kiranja anayehesabu vichwa bwenini. Alikuta Kiingereza kwa lazima na mpira wa jioni kwa hiari. Hakukuwa na anasa. Alichokikuta ambacho wewe na mimi hatukukikuta ni mwalimu anayejua anachofundisha, anayelala umbali wa kutupa jiwe kutoka bwenini, na ambaye mtoto akimuuliza swali saa mbili za usiku anajibiwa.

Na mwaka 1953 alipata mwalimu mpya wa Historia, kijana mwembamba aliyekuwa ametoka Edinburgh na shahada yake, jina lake Julius Nyerere.

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole, maana kwenye hotuba za Nyerere Day hawakwambii. Aprili 1953 Nyerere alichaguliwa rais wa TAA. Mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikawapiga marufuku watumishi wake kujiunga na chama hicho. Karani wa serikali, bwana shamba, tabibu wa serikali, wote wakafungwa midomo. Wasomi wetu wachache karibu wote walikula mkate wa serikali. Nani akabaki? Alibaki mwalimu wa Pugu, kwa sababu mshahara wake ulitoka kwa mapadri, haukutoka kwa Gavana. Mwisho wa wiki alishuka mjini, zipatazo kilomita 20, na wazee husimulia kuwa mara nyingine alizitembea kwa miguu, akaonana na wenzake wa Kariakoo, kisha akarudi kilimani kuwahi kengele ya Jumatatu. Julai 7, 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, na aliporudi wenye shule wakamtaka achague kati ya chaki na siasa. Akachagua siasa, akajiuzulu mwezi huo huo. Lakini jina alilolichukua pale ubaoni alikwenda nalo mpaka kaburini: Mwalimu.

Umeona? Mageuzi ya kwanza ya nchi hii yalilelewa na shule binafsi, kwa sababu tu ilikuwa sehemu ambayo mkono wa serikali haukufika vizuri. Leo mwalimu wa serikali akionekana ameshika kadi ya upinzani, sote tunajua barua ya uhamisho inavyosafiri haraka kuliko mshahara.

Wengine waliopita kilimani pale ni pamoja na Benjamin Mkapa, aliyetoka Pugu akaenda Makerere mwaka 1957 na mwaka 1995 akawa Rais wa awamu ya tatu. Huyu nitamrudia.

Tuje kwenye utaifishaji. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwaka 1969 ikapitishwa Sheria ya Elimu, na kuanzia mwaka 1970 shule za makanisa, za jumuiya na za Wahindi zikaingia mikononi mwa serikali. Pugu ikachukuliwa. Minaki ikachukuliwa. Shule ya wavulana ya Aga Khan ikageuka Tambaza. Wenye nazo wakakabidhi funguo.

Kuna watu wa upande wetu wa mageuzi wanaosema jambo lile lilikuwa wizi mtupu. Mimi sisemi hivyo, na mhariri akitaka kunikata anikate. Kabla ya hapo mtoto wa Kihindi alisoma na Wahindi wenzake, Mkatoliki alisoma na Wakatoliki, na mtoto wa Kiislamu wa Magomeni mara nyingi alitazama lango la shule nzuri kwa nje, labda akubali kuitwa John. Serikali ilisema: shule hizi sasa ni za wote, mtoto wa Kigoma atakaa bweni moja na wa Mtwara, Mwislamu na Mkristo, bila ada ya kumuua baba. Hoja hiyo ilikuwa na haki ndani yake. Wazee wengi waliosoma Pugu ya miaka ya sabini watakwambia walikaa kitanda juu na kitanda chini na mtu wa kabila ambalo hawakuwahi kulisikia, na mpaka leo wanazikana.

Kwa hiyo mimi siulizi kwa nini waliichukua. Ninauliza waliifanyia nini baada ya kuichukua, na wale waliosaini kuichukua, watoto wao walisoma wapi?

Ukichukua kitu cha mtu kwa jina la walalahoi, una deni kwa walalahoi. Deni halikulipwa. Mwaka 1974 Chama kikakaa Musoma kikaazimia kila mtoto asome shule ya msingi, na kuanzia 1977 madarasa yakafurika. Hilo lilikuwa jema, wala sibezi. Lakini sekondari zikaachwa zile zile. Watoto kwa maelfu walimaliza darasa la saba wakakuta mlango wa sekondari ni tundu la sindano, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za Afrika zenye wanafunzi wachache kabisa wa sekondari. Shule za zamani za mapadri zikaendelea kutumika mwaka baada ya mwaka, vitanda vile vile, mabati yale yale. Usinibishie hapo. Serikali yenyewe ilikiri kwa vitendo ilipotangaza mpango wa kukarabati shule kongwe zaidi ya themanini, na hiyo ilikuwa ni baada ya 2015! Karibu nusu karne tangu wakabidhiwe funguo. Mpangaji gani anakaa nyumba ya watu miaka arobaini na mitano ndipo anakumbuka kuziba bati?

Wakati huo mwenye uwezo alikuwa haoni shida. Alimpeleka mtoto Nairobi, alimpeleka Uganda, aliyenona zaidi alimpeleka Uingereza. Miaka ya mwanzo ya 1990 tulikuwa na sekondari za binafsi nyingi kuliko za serikali, katika nchi ile ile iliyotaifisha shule kwa mbwembwe. Na unajua nani alikuwa mstari wa mbele kuzifungua? Jumuiya ya Wazazi ya CCM. Naam! Chama kilichosema shule binafsi ni ubaguzi kikafungua shule zake, kikaziandikisha, kikatoza ada. Mkuki kwa nguruwe. Ya padri ikichukuliwa ni ujamaa, ya Chama ikitoza ada ni kujitegemea. Tena nyingi ya hizo za Wazazi sote tunajua zilikuwa za kupokea waliokosa nafasi serikalini, mtoto analipa na bado mwalimu hayupo.

Halafu zikaja shule za kata. Kuanzia mwaka 2004 ukaanza mpango mkubwa wa sekondari, na mwaka 2006 amri ikashuka kwa wakuu wa mikoa: kila kata sekondari, hakuna kulala. Zikaota kama uyoga. Wenyewe mitaani tukaziita yeboyebo. Walimu wakatoka wapi? Vijana wa kidato cha sita wakapigwa msasa wa wiki chache wakapewa chaki, na mitaa nayo ikawapa jina, Voda Fasta. Siwacheki, kaka zetu wale walikwenda kufanya kazi. Lakini yule aliyetoa amri, mtoto wake alifundishwa na Voda Fasta? Thubutu.

Matunda yake tuliyavuna Februari 2013 yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa 2012. Watahiniwa zaidi ya 240,000 walipata ziro. Asilimia 60 ya waliofanya mtihani! Hiyo haikuwa kufeli, ilikuwa msiba wa taifa, na ingekuwa nchi nyingine waziri angeandika barua usiku ule ule. Siku chache kabla, James Mbatia wa NCCR-Mageuzi alikuwa amepeleka hoja binafsi Bungeni juu ya udhaifu wa elimu, akitaka serikali iuweke mtaala mezani uonekane. Wingi wa CCM ukaizima hoja. Kura za ndiyooo! zikapigwa, wakaenda kula chakula cha mchana. Wiki hazikuisha matokeo yakatoka.

Kwenye orodha ya mwaka ule huo wa msiba, shule tatu za kwanza zilikuwa St. Francis Girls ya Mbeya, Marian Boys ya Bagamoyo na Feza Boys. Nyingine zote katika kumi bora nazo zilikuwa za binafsi. Tena nyingi za Kanisa! Wale wale walionyang'anywa Pugu walikwenda porini wakaanza upya, wakajenga, na sasa wamewapita walionyang'anya. Baniani mbaya, kiatu chake dawa: vigogo waliokulia kwenye nyimbo za kutaifisha ndio haohao unaowakuta wakipanga foleni ya fomu za kujiunga.

Na serikali ilifanya nini juu ya ziro zile? Kwanza ikaunda tume. Kisha Mei 2013 matokeo yakapangwa upya, ufaulu ukapanda kutoka asilimia 34 hadi 43 bila mtoto hata mmoja kurudi kwenye chumba cha mtihani. Mwaka huo huo wakatangaza kwamba hakutakuwa tena na divisheni ziro, itaitwa divisheni faivu. Ndugu msomaji, usicheke, ilitangazwa na serikali hadharani! Wananchi wakapiga kelele wakairudisha mfukoni. Wakaleta GPA, mwaka 2016 waziri mpya, Profesa Ndalichako, akaifuta, tukarudi kwenye divisheni. Sisi tuliokuwa madarasani tulikuwa kama abiria wa daladala mbovu: dereva anabadilisha kibao cha njia mara tatu, gari halijaondoka kituoni.

Mwaka 2023, mwezi Januari, wakapata dawa ya mwisho. Baraza likatangaza kuwa halitasoma tena orodha ya shule bora wala wanafunzi bora, kwa maelezo kwamba ni kuzitangaza shule bure na kwamba mazingira hayafanani. Hilo la mazingira kutofanana ni kweli tupu, na ndicho tulichokuwa tunakisema siku zote! Lakini mtu mwenye chunusi akivunja kioo, chunusi zimekwenda wapi? Ile orodha ya kumi na kumi ndiyo ilikuwa silaha pekee ya mama muuza vitumbua wa Chanika. Ndiyo iliyomwonyesha, kwa majina ya shule, kwamba mwanawe si mjinga bali amewekwa mahali. Sasa wamemnyima hata hiyo.

Niwe mkweli na upande wa pili. Kuanzia Januari 2016 ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa, ile 20,000 ya kutwa na 70,000 ya bweni, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Mdogo wangu amefaidika. Lakini mlango ukiufungua ukaacha chumba kile kile, watu watakanyagana ndani, na mwalimu mmoja mbele ya watoto mia hata akiwa malaika hatawajua majina. Shule ya Feza nayo ina mlango, ila ina mlinzi anayehesabu wanaoingia.

Sasa yule Mzee Mkapa niliyesema nitamrudia. Mwaka 2018, akiwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, alisimama hadharani akasema elimu ya nchi hii imo katika mgogoro, akataka uitishwe mjadala wa kitaifa. Yeye, kijana wa zamani wa Pugu, Rais wa zamani kwa miaka kumi, Mwenyekiti wa zamani wa CCM! Angesema mimi ningeitwa mchochezi, na wewe uliyesimama hapo unasoma ungeitwa mvuta bangi. Ukweli ule aliusema akiwa ameshatoka Ikulu, na wenzetu wengi huwa wanapata sauti baada ya kutoka. Alifariki Julai 2020.

Kijiweni kwetu kuna jamaa, fundi wa pikipiki, mtu mwenye akili ya hesabu hata NECTA ingeshangaa. Nilimsomea rasimu ya makala haya. Akaniambia: "Kaka, wewe unalia na Pugu, ungepelekwa Pugu ungefaulu?" Nikafikiri. Nikamwambia sijui. Inawezekana ningekuwa kilaza vile vile, ningekula ugali wa bweni miaka minne nikarudi na foo yangu. Lakini ningejua ni foo yangu mwenyewe. Hii niliyonayo nimechangiwa na watu wengi mno.

Ninalolitaka mimi ni dogo, halihitaji tume. Nchi hii tangu mwaka 1995 ina Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, na kila kiongozi anatakiwa kujaza fomu ya mali na madeni yake: nyumba, magari, hisa, mashamba. Iongezwe mstari mmoja tu. Waziri, mbunge, mkuu wa mkoa, katibu mkuu, mkurugenzi wa manispaa, kila mmoja aandike mtoto wake anasoma shule gani na ada yake ni kiasi gani. Asikatazwe kumpeleka atakako, hela ni zake, kama kweli ni zake. Aandike tu, na fomu hiyo ibandikwe ukutani pale ofisi ya kata ambako tunasoma majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza. Mkurugenzi ambaye mwanawe anasoma shule ya kata iliyo chini yake, maabara haitakaa na kufuli hata wiki.

Watakataa. Watasema ni mambo ya faragha. Basi tufanye sisi wenyewe, bila sheria. Wakati wa kampeni watakuja, utawaona Mwembe Yanga, utawaona Zakhem, utawaona Manzese, wamepanda juu ya gari na spika nne, na vijana watagawiwa fulana na kofia. Fulana chukua, ni kodi yako. Akimaliza kusema atakuletea nini, ukisikia anasema "kuna swali?", nyoosha mkono. Usimuulize barabara, usimuulize maji. Muulize hivi, kwa adabu, na shikamoo utangulize: "Mheshimiwa, mwanao anasoma wapi?"

Akitaja shule ya kata yoyote ya Temeke, Ilala, Kinondoni, Ubungo au Kigamboni, niandikie kupitia gazeti hili. Nitakuja kumwona kwa macho yangu, na nauli nitajilipia mwenyewe.